Siku mbili za Machi: jinsi Silicon Valley Bank ilivyozungumza na wawekezaji wake

Jioni ya Jumatano, tarehe 8 Machi 2023, baada ya soko la hisa la Marekani kufungwa, kampuni mama ya Silicon Valley Bank ilitoa taarifa kwa umma kwamba imeuza hatifungani, yaani hati za mikopo zinazolipa riba, za takriban dola bilioni 21, kwamba mauzo hayo yameiletea hasara ya takriban dola bilioni 1.8 baada ya kodi, na kwamba inakusudia kukusanya mtaji wa dola bilioni 2.25 kwa kuuza hisa mpya. Taarifa hiyo iliambatana na barua ya mkurugenzi mtendaji, Greg Becker, na kurasa kadhaa za majedwali na michoro. Kwa mtu aliyezoea nyaraka za aina hiyo, kila kitu kilikuwa mahali pake: hatua iliyochukuliwa, sababu zake, faida inayotarajiwa. Siku hiyo hisa moja ya benki ilikuwa imefunga kwa dola 267.83. Kesho yake ilifunga kwa dola 106.04. Ijumaa, tarehe 10 Machi, mamlaka ya jimbo la California iliifunga benki na kuikabidhi kwa Shirika la Bima ya Amana la Marekani, FDIC.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mfano wa mawasiliano mabaya, kana kwamba barua iliyoandikwa kwa ufundi zaidi ingeiokoa benki. Siiafiki tafsiri hiyo. Ugonjwa ulikuwa kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya benki. Hata hivyo, namna uongozi ulivyowaeleza wawekezaji jambo hilo ndiyo iliyoamua kasi ya kuanguka, na kasi hiyo ndiyo iliyoondoa nafasi ya tiba yoyote. Ukiipitia taarifa ile leo ni vigumu kuonyesha kidole kwenye sentensi moja na kusema kwamba hapa ndipo palipoharibika. Kinachoonekana ni kampuni iliyoitangaza shida yake hadharani kabla ya kuwa na fedha za kuitatua, tena iliyomwandikia msomaji mmoja huku msomaji mwingine, mwenye nguvu kubwa kuliko wa kwanza, akichungulia.

Kilichokuwa kwenye mizania

Benki hii ilianzishwa mwaka 1983, na makao yake makuu yalikuwa Santa Clara, California. Wateja wake wakubwa walikuwa kampuni changa za teknolojia na za sayansi ya tiba, pamoja na kampuni za mitaji zinazozifadhili. Kati ya mwisho wa 2019 na mwisho wa 2021, kampuni hizo zilipomiminiwa fedha na wafadhili wao, amana za benki ziliongezeka zaidi ya mara tatu. Kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa na mali ya takriban dola bilioni 209 na amana za takriban dola bilioni 175, na ilihesabiwa kuwa ya 16 kwa ukubwa nchini Marekani.

Mteja aliyejaa fedha hana haja kubwa ya mkopo. Kwa hiyo benki ilizipeleka amana hizo kwenye hatifungani za serikali na zile zinazotokana na rehani za nyumba, nyingi zikiwa za muda mrefu na zilizonunuliwa wakati riba ikiwa chini mno. Hatifungani hizo hazikuwa na hatari ya kutolipwa. Hatari yake ilikuwa ya aina nyingine. Kuanzia Machi 2022 Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na kufikia Februari 2023 ilikuwa imefika kati ya asilimia 4.50 na 4.75. Hatifungani inayolipa chini ya asilimia 2 haiwezi kupata mnunuzi kwa bei yake ya awali pale ambapo mpya, iliyo salama vilevile, inalipa mara mbili yake. Bei yake lazima ishuke, na kadiri muda wa kuiva unavyokuwa mrefu ndivyo inavyoshuka zaidi.

Hapa inafaa kueleza kidogo kuhusu uhasibu, kwa sababu bila hilo taarifa ya Machi haieleweki. Benki huziweka hatifungani zake katika vikapu viwili. Kikapu cha kwanza ni cha zile zinazoweza kuuzwa wakati wowote, na hizi huandikwa vitabuni kwa bei ya soko. Kikapu cha pili ni cha zile ambazo benki imeazimia kuzishikilia hadi ziive, na hizi huandikwa kwa gharama ya kuzinunua, hata kama bei ya sokoni imeporomoka. Mantiki ya kikapu cha pili haina kasoro iwapo kweli benki itasubiri: siku ya kuiva italipwa yote. Lakini mantiki hiyo inategemea wenye amana kusubiri pia. Mwisho wa 2022 kikapu cha pili cha Silicon Valley Bank kilikuwa kimeandikwa dola bilioni 91.3, ilhali thamani yake sokoni ilikuwa takriban dola bilioni 76. Pengo la dola bilioni 15 lilikaribia kulingana na mtaji wote wa wanahisa, ambao ulikuwa takriban dola bilioni 16.

Jambo la pili lilihusu wenye amana wenyewe. Bima ya FDIC humlinda mwenye amana hadi dola 250,000 kwa benki moja. Katika benki hii, zaidi ya asilimia 90 ya amana zilivuka kinga hiyo, kwa sababu wateja walikuwa makampuni yaliyoweka humo mishahara ya wafanyakazi na akiba ya miezi mingi. Zaidi ya hapo, wateja hao walifahamiana. Walikuwa na wafadhili walewale, walikutana kwenye vikao vilevile, na walikuwa kwenye makundi yaleyale ya ujumbe wa simu.

Walichokuwa wameambiwa kabla

Benki haikuificha thamani ya sokoni ya kikapu cha pili. Ilikuwa kwenye mizania, kando ya gharama ya kikapu cha pili, ndani ya mabano. Ripoti ya mwaka iliwasilishwa tarehe 24 Februari 2023, wiki mbili kabla ya anguko, ikiwa na maoni ya mkaguzi yasiyo na dosari. Waandishi na wachambuzi wachache wa habari za fedha walikuwa wamekwisha kuilinganisha namba ya kwenye mabano na mtaji wa benki na kuyaandika waliyoyaona. Methali ya mficha maradhi haiihusu benki hii moja kwa moja: iliyataja maradhi yake, ila kwa sauti ya chini.

Kuna umbali mkubwa kati ya kuweka namba wazi na kuieleza, na mawasiliano na wawekezaji ni kazi ya umbali huo. Matokeo ya mwaka yalipotangazwa mwezi Januari, hisa ya benki ilipanda. Mwekezaji aliyetaka kujua nini kingetokea iwapo wenye amana wangeondoka kwa kasi kuliko makadirio, na kiasi gani cha kikapu cha pili kingelazimika kuguswa, alipaswa kuunganisha vipande hivyo mwenyewe. Isitoshe, nafasi ya afisa mkuu wa usimamizi wa hatari ilikuwa imekaa wazi kwa takriban miezi minane ya mwaka 2022. Kwa benki ambayo hatari yake yote ilikuwa imejikusanya mahali pamoja, hilo lilistahili kusemwa mapema na kwa sauti.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mjadala mwingi huanza tarehe 8 Machi, wakati nafasi nzuri ya kusema ilikuwa imekwisha kupita. Januari uongozi ungeweza kueleza kwa ukurasa mmoja: pengo hili ni kubwa kiasi hiki, linatokana na hili, na iwapo amana zitapungua kwa kiasi fulani tutapata fedha kutoka hapa na pale bila kugusa kikapu cha pili. Maelezo hayo yangeishusha bei ya hisa, pengine kwa kiasi cha kuumiza. Lakini yangetolewa wakati hakuna mtu aliyekuwa mlangoni akidai fedha zake.

Jumatano jioni

Kilichoulazimisha uongozi kutenda kilikuwa simu kutoka kampuni ya kupima uwezo wa wakopaji, Moody's, iliyouarifu kwamba ilikuwa ikifikiria kulishusha daraja la benki. Kwa msaada wa benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs ukaandaliwa mpango: kikapu cha kwanza kiuzwe karibu chote, hasara ikubaliwe mara moja, fedha zirudishwe kwenye hatifungani za muda mfupi zenye riba nzuri, na shimo la mtaji lizibwe kwa hisa mpya. Katika zile dola bilioni 2.25, bilioni 1.25 zingetokana na hisa za kawaida, milioni 500 na hisa za upendeleo ambazo baadaye zingegeuzwa kuwa za kawaida, na milioni 500 nyingine zingetoka kwa kampuni ya uwekezaji ya General Atlantic, kwa sharti kwamba uuzaji wa hisa za kawaida ukamilike kwanza. Usiku uleule wa Jumatano Moody's ililishusha daraja hata hivyo.

Kama mpango wa kifedha, haukuwa wa kijinga. Kikapu kilichouzwa kilikuwa kikilipa wastani wa asilimia 1.79 tu, na kukibadilisha kungeongeza mapato ya riba. Kama tangazo, ulikuwa na kasoro ambayo mtu anaweza kuionyesha kwa sarufi tupu. Hasara ilibeba kiambishi cha -me-: benki imeuza, imepata hasara. Mtaji ukabeba kiambishi cha -ta-: itauza hisa, itapokea fedha, iwapo soko litakubali. Hata ahadi pekee iliyokuwa na jina nyuma yake, ile ya General Atlantic, ilifungwa kwenye sharti la lile ambalo lilikuwa bado halijatokea. Kampuni yenye biashara ya viwanda inaweza kuishi siku kadhaa katikati ya -me- na -ta-. Benki haiwezi, kwa kuwa bidhaa yake ni imani ya kwamba fedha zipo sasa hivi.

Kasoro ya pili ilikuwa katika maelezo ya sababu. Barua iliitaja hatua hiyo kuwa ya kuimarisha hali ya kifedha, na ikaihusisha na matarajio ya riba kuendelea kuwa juu, masoko kubanwa, na wateja kuendelea kutumia fedha nyingi. Yote yalikuwa kweli. Lakini msomaji aliyeambiwa kwamba benki ina mtaji wa kutosha na wakati huohuo imekubali kupoteza karibu dola bilioni mbili na inahitaji nyingine zaidi ya bilioni mbili, haraka, atauamini mwili kabla ya mdomo. Kitendo kilikuwa kimesema zaidi ya barua. Tena kikampa kila msomaji hesabu rahisi ya kufanya: kama kikapu kidogo kimetoa hasara hii, kile cha dola bilioni 91 kimebeba kiasi gani? Jibu lilikuwa limechapishwa tangu Februari, ndani ya mabano, likisubiri mtu wa kulitafuta. Sasa wakalitafuta maelfu kwa usiku mmoja.

Kasoro ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa nzito kuliko zote. Zile kurasa za maelezo zilitengenezwa kwa ajili ya mnunuzi wa hisa. Zilieleza jinsi mapato ya riba yatakavyokua, na mahali ambapo fedha zilizopatikana zitawekezwa. Haya ni maswali ya mwanahisa, kwa sababu mwanahisa hufaidika kampuni ikifanya vizuri na anaweza kukubali maumivu ya leo kwa faida ya mwakani. Mwenye amana hana mwakani wa namna hiyo. Benki ikifaulu, yeye hupata fedha zake zilezile. Ikianguka, huenda akapoteza sehemu au akakosa mishahara ya Ijumaa. Kuziondoa hakumgharimu kitu, na kusubiri hakumletei faida yoyote. Mtu aliye katika hali hiyo ana swali moja tu: nikizitaka fedha zangu kesho, zipo? Kurasa zile hazikuandikwa ili kumjibu yeye, ingawa uhai wa benki ulikuwa mikononi mwake.

Siku yenyewe nayo haikusaidia. Jumatano hiyohiyo Silvergate, benki nyingine ya California iliyojihusisha na sarafu za kidijitali, ilikuwa imetangaza kwamba inafunga shughuli zake na kujifilisi kwa hiari. Biashara zao zilitofautiana, ila msomaji wa vichwa vya habari hakuwa na sababu ya kuzitenganisha. Wako wanaosema tangazo lingeahirishwa kwa siku chache. Sidhani lingebadili jambo kubwa: daraja lilikuwa linashuka, na tangazo la Moody's bila maelezo ya benki lingekuwa na matokeo yaleyale, labda mabaya zaidi.

Alhamisi

Asubuhi ya tarehe 9 Machi bei ya hisa ilianza kuporomoka, na kadiri ilivyoporomoka ndivyo mauzo ya hisa mpya yalivyozidi kuwa magumu, kwa sababu hakuna anayenunua leo kwa bei ambayo kesho huenda ikawa nusu. Kampuni kadhaa za mitaji zilizishauri kampuni changa walizozifadhili kuondoa fedha zao. Becker akafanya mazungumzo ya simu na wawekezaji hao, ambao pia walikuwa wateja wake, akawaomba watulie na waiunge mkono benki kama ilivyowaunga mkono wao katika nyakati ngumu.

Ombi hilo limechekwa sana baadaye, na si haki kulicheka bila kueleza kwa nini lilishindwa. Kwanza, kumwomba mtu atulie ni kumjulisha kwamba utulivu wake unahitajika. Mwenye amana ambaye hadi wakati huo alidhani ana akaunti tu aligundua kwamba ana kura. Pili, kila aliyekuwa kwenye simu hiyo alikuwa na makumi ya kampuni zinazomsikiliza, na wajibu wake kwa kampuni hizo ulikuwa mkubwa kuliko shukrani yake kwa benki. Kama angewashauri wabaki na benki ikaanguka, angebeba lawama. Kama angewashauri waondoke na benki ikapona, asingelaumiwa na yeyote. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mara chache methali hiyo imetimia kwa haraka namna hii: minong'ono ya kwamba fedha zitakwisha ndiyo iliyozimaliza.

Tatu, kuna mipaka ya kisheria ambayo walio nje ya kazi hii hawaifikirii. Tangu mwaka 2000 kanuni ya Marekani ya utoaji wa habari kwa usawa imezuia kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko kuwapa wachambuzi na wawekezaji wachache habari nzito ambazo umma haujapewa. Mkurugenzi anayezungumza na kundi teule katikati ya mauzo ya hisa, huku wanasheria wakimsikiliza, hubaki na mambo mawili ya kusema: kurudia yaliyokwisha kutangazwa, au kuomba subira. Ili aseme zaidi, ilimpasa atoe taarifa mpya kwa umma, yenye namba: fedha taslimu zilizopo ni kiasi hiki, na tunaweza kukopa kiasi hiki kesho asubuhi.

Taarifa hiyo haikutolewa, na hapa ndipo tunapoona kwamba tatizo halikuwa la maneno. Ripoti ya Benki Kuu ya Marekani iliyotolewa tarehe 28 Aprili 2023 chini ya usimamizi wa Michael Barr, aliyekuwa makamu mwenyekiti wake wa usimamizi wa mabenki, ilieleza kwamba benki haikuwa imejaribu uwezo wake wa kukopa kwenye dirisha la dharura la Benki Kuu katika mwaka 2022, wala haikuwa na dhamana na taratibu zinazofaa za kufanya hivyo upesi. Alhamisi usiku wafanyakazi walikuwa wakihangaika kuhamisha dhamana kutoka taasisi moja hadi nyingine huku saa zikiwaishia. Hakuna mwandishi wa taarifa, hata awe bingwa kiasi gani, anayeweza kuandika "fedha zipo" kabla fedha hazijawekwa mahali zinapoweza kuchukuliwa.

Siku hiyo moja zikatolewa dola bilioni 42, na benki ikamaliza siku na upungufu wa fedha taslimu wa takriban dola milioni 958. Maombi yaliyokuwa yakisubiri Ijumaa yalifikia dola bilioni 100. Mauzo ya hisa yakafa.

Je, kulikuwa na njia nyingine?

Ushauri unaotolewa zaidi ni kwamba benki ingekusanya mtaji kwa siri kwanza, kwa kuwaita wawekezaji wakubwa wachache, kuwafunga kwa ahadi ya kutonunua wala kuuza hisa hadi habari itakapotangazwa, na kutoka hadharani fedha zikiwa zimekwisha kuahidiwa bila masharti. Tangazo lingekuwa na -me- mbili: tumepata hasara, tumepata mtaji. Ninaukubali ushauri huu kwa sehemu kubwa. General Atlantic ilikuwa imepatikana kwa njia hiyohiyo, jambo linaloonyesha kwamba mlango ulikuwepo. Lakini milioni 500 ni chini ya robo ya kilichohitajika, na kila jina linaloongezwa kwenye orodha ya siri huongeza uwezekano wa habari kuvuja kabla ya wakati, ambako kungekuwa kubaya kuliko yote. Pia mwekezaji wa aina hiyo hudai kuona vitabu, na vitabu vilikuwa na lile pengo la bilioni 15. Si hakika kwamba wangepatikana wa kutosha kwa bei ambayo bodi ingeikubali.

Ulinganisho na matukio ya majuma yaliyofuata unasaidia. Jumatano, tarehe 15 Machi, mwenyekiti wa Saudi National Bank, mwanahisa mkubwa wa benki ya Uswisi ya Credit Suisse, aliulizwa na televisheni kama wangeiongezea benki hiyo mtaji, akajibu kwamba hapana kabisa. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kikanuni tu, yaani umiliki wao usivuke asilimia 10, lakini hisa za Credit Suisse zilishuka kwa hadi takriban asilimia 30 siku hiyo. Kumbe msemaji anaweza kuwa mtu ambaye si mwajiriwa wa kampuni kabisa, na kampuni isiyowaandaa wanahisa wake wakubwa kwa swali la wazi kama hilo imeuacha mlango mmoja bila komeo.

First Republic, benki nyingine ya California, nayo ilichagua njia ya kunyamaza. Tarehe 24 Aprili ilitangaza kwamba amana zake zilikuwa zimebaki dola bilioni 104.5, zikiwemo bilioni 30 zilizowekwa humo na benki kubwa 11 ili kuisaidia, kutoka bilioni 176.4 mwishoni mwa Desemba. Uongozi ulisoma maelezo mafupi kwa wawekezaji na kukata simu bila kupokea swali hata moja. Kesho yake hisa ilipoteza karibu nusu ya bei. Pengine hawakuwa na majibu. Pengine wanasheria waliwakataza. Soko likayajibu maswali yenyewe, kwa majibu mabaya kuliko yale ambayo uongozi ungetoa. Tarehe 1 Mei benki hiyo ilichukuliwa na kuuzwa kwa JPMorgan Chase.

Taarifa iliyofanya kazi katika kipindi hicho chote haikutoka kwa kampuni yoyote. Jumapili, tarehe 12 Machi, Wizara ya Fedha ya Marekani, Benki Kuu na FDIC walitoa tamko la pamoja, fupi, lililosema kwamba wenye amana wote wa Silicon Valley Bank watazipata fedha zao zote kuanzia Jumatatu tarehe 13 Machi, na kwamba wanahisa pamoja na baadhi ya wakopeshaji wasio na dhamana hawatalindwa. Lilimtaja kila msomaji kwa jina la nafasi yake, likampa siku, na likamwambia hata aliyekuwa akipoteza kwamba anapoteza. Bila shaka ni rahisi kuandika hivyo mtu akiwa na hazina ya taifa nyuma yake. Hata hivyo, muundo wake unafaa kutazamwa kando ya zile kurasa za Jumatano: tamko lilianza na swali la mwenye amana, na habari za mwanahisa zikafuata.

Mwanahisa ndiye aliyeandikiwa tangu mwanzo, na ndiye aliyeondoka mikono mitupu. Tarehe 17 Machi kampuni mama iliomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya ufilisi, na kabla ya mwezi kwisha benki ya First Citizens ikanunua sehemu kubwa ya benki kutoka FDIC. Ilijulikana pia kwamba tarehe 27 Februari, siku tisa kabla ya tangazo, Becker alikuwa ameuza hisa zake za takriban dola milioni 3.6 kwa mpango uliokuwa umeandaliwa mwezi mmoja kabla; utaratibu huo unaruhusiwa kisheria, lakini uliwafanya wengi waisome upya barua yake kwa jicho jingine. Mbele ya kamati ya Seneti, tarehe 16 Mei, alitaja kupanda kwa riba kwa kasi isiyo ya kawaida, uvumi wa mitandaoni, na kufananishwa na Silvergate.

Kesi ya wanahisa ilifunguliwa mahakamani California Jumatatu, tarehe 13 Machi, siku ya kwanza ya kazi baada ya benki kufungwa. Kipindi ilichokilalamikia kilianzia Juni 2021, na dai lake kuu lilikuwa kwamba katika ripoti za muda wote huo benki haikuwaeleza wawekezaji wake jinsi kupanda kwa riba kungeudhoofisha msingi wa biashara yake.